Simu mpya inajizima, duka linanisukuma kwa kampuni

SWALI

Salaam aleikum. Nilinunua simu ya Sh23,500 katika duka moja la mjini Mombasa mwezi wa Februari. Nililipa kwa M-Pesa kupitia namba ya till, nikapewa risiti na kadi ya waranti ya miezi 12. Wiki ya tatu simu ikaanza kujizima kila nikiichaji, na mgongo wake, pale karibu na kamera, unapata moto hadi haushikiki. Nikairudisha dukani. Wakakaa nayo karibu wiki nzima, kisha wakanipa wakisema wameisasisha programu na sasa iko sawa. Haikukaa, ikaanza yale yale.

Nilipoipeleka mara ya pili walinipigia kwamba imeingia maji, waranti imekufa, nitoe Sh7,800 wabadilishe bodi au nije niichukue ilivyo. Simu hii haijawahi kuingia maji. Nikamwambia mwenye duka anirudishie pesa zangu. Akanionyesha muhuri kwenye risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Akasema yeye ni muuzaji tu, mwenye jukumu ni kampuni iliyotengeneza, niende kituo chao cha huduma nikamalizane nao huko.

Mimi nauza vitenge kwa WhatsApp na wateja wangu wote wako humo. Nimeichukua simu bila kulipa. Mwanangu ana rafiki yake fundi ambaye yuko tayari kuifungua aone tatizo. Wengine wananiambia nilianike duka hilo Facebook. Je, naweza kurudishiwa pesa, au ule muhuri umeshanifunga?

Mama Vitenge, Likoni

JIBU

Aleikum salaam, dada yetu. Muhuri haujakufunga. Na kabla hatujafika mbali: fundi asiiguse simu hiyo. Skurubu moja ikishafunguliwa nje ya duka au kituo cha huduma, utakuwa umewapa sababu wanayoitafuta, na safari hii itakuwa sababu ya kweli.

Tuanze na muhuri, maana ndio unaowarudisha watu nyumbani mikono mitupu kila siku. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inahesabu kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani amekuahidi, hata kama hakufungua mdomo, kwamba bidhaa hiyo ina ubora wa kuuzika. Simu inayojizima ikichajiwa haina ubora huo. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na kifungu chake cha 5 kikaziba mwanya uliobaki: sharti lolote linalojaribu kuifuta au kuipunguza ahadi hiyo kwa mtumiaji ni batili. Liwe limepigwa muhuri, limebandikwa ukutani au limechapishwa kwa herufi za sisimizi nyuma ya risiti, ni batili. Juu ya yote kipo Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachokupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia ya hasara inayoletwa na kasoro zake.

Maneno yale ya muhuri yana nguvu pahali pamoja tu: kama ungerudisha simu nzima kwa kuwa umebadili nia au rangi haikukupendeza. Hapo duka lingekuwa na haki ya kukukatalia.

Sasa hili la kukusukuma kwa kampuni. Hapa pana ahadi mbili, na mwenye duka amezichanganya. Ya kwanza ni waranti, ambayo mtengenezaji ameitoa kwa hiari yake na kuiwekea masharti yake: miezi 12 kwa simu, mara nyingi muda mfupi zaidi kwa chaja na betri, na haihusu maji, kioo kilichopasuka wala simu iliyofunguliwa na fundi wa nje. Ya pili ni ile ya sheria, na hiyo ni ya duka. Pesa zako zilipokelewa na duka, na mkataba wako ni na duka. Hata waranti ingekuwa imekufa kweli, ahadi ya pili ingali hai. Duka likishakulipa, nalo litamdai msambazaji wake. Hiyo ni biashara yao.

Lakini kituo cha huduma usikikimbie. Huko ndiko kuna vifaa vya kupimia na vipuri halisi (simu za Tecno, Infinix na itel, kwa mfano, huhudumiwa na Carlcare), na ripoti yao ya maandishi itakusaidia popote utakapofika. Nenda ukachukue ushahidi. Deni libaki dukani.

Muda ndio unaokimbia

Watu wengi wanaamini kuna siku 7 au 14 za kurudisha simu. Kwa bidhaa mbovu iliyonunuliwa dukani, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haitaji idadi ya siku. Inasema muda unaofaa. Ukikaa na bidhaa kupita muda huo bila kumwarifu muuzaji kwamba unaikataa, unahesabiwa umeipokea. Hapo haki ya kumrudishia simu yake na kuchukua pesa zako zote inageuka kuwa haki ya fidia tu: gharama ya matengenezo, au tofauti ya thamani kati ya simu nzima na hiyo mbovu.

Wewe uliirudisha wiki ya tatu, na hilo ni la kukupa moyo. Udhaifu wako ni kwamba kila kitu ulikisema kwa mdomo, na matengenezo yamekula muda wako. Duka likikwambia "tuachie tuangalie", kubali ukitaka, lakini andika kwamba unakubali matengenezo bila kuacha haki yako ya kuikataa simu. Sentensi hiyo moja huokoa kesi nyingi. Kwa kuwa imeshatengenezwa mara moja ikashindikana, na mara ya pili wakadai pesa, tunaona una msingi mzuri wa kudai pesa zote. Hakimu anaweza kuona umeshaipokea, ndiyo maana barua yako itataja na madai ya pili na ya tatu.

Simu iseme yenyewe

Kabla ya barua, kusanya ushahidi. Azima simu nyingine urekodi video: onyesha tarehe, asilimia ya betri, chaja ikichomekwa, na dakika simu inapojizima. Tumia chaja na waya vilivyotoka kwenye boksi, kwa sababu swali la kwanza la kila kituo ni "ulichaji na nini?" Rudia kwenye soketi ya nyumba nyingine, wasije wakasingizia umeme wa kwako. Angalia tundu la chaji kwa tochi. Vumbi na nyuzi za mfukoni zikijaa humo, waya haukai sawa na joto hupanda. Ukikuta uchafu, utoe taratibu kwa kijiti cha mbao kikavu, simu ikiwa imezimwa, kisha jaribu upya.

Halafu iwashe kwenye hali salama. Kwa simu nyingi za Android unashikilia kitufe cha kuwasha hadi menyu itokee, kisha unashikilia alama ya kuzima mpaka ikuulize kama unataka kuingia hali hiyo. Maneno Safe mode yatatokea pembeni ya skrini. Hapo programu zote ulizopakua zinasimamishwa kwa muda. Simu ikijizima hata hivyo, kisingizio cha "ni programu zako" kimeisha, na lile sasisho walilokufanyia mwanzo halikugusa ugonjwa wenyewe. Simu inayozima na kupata moto inapochajiwa, tena joto likiwa upande mmoja wa juu, mara nyingi shida yake iko kwenye betri au kwenye sakiti ya chaji iliyo juu ya bodi.

Bonyeza pia *#06# usome IMEI, ile namba ya kipekee inayoitambulisha simu yako. Lazima ilingane na iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Isipolingana, umeuziwa kitu kingine kabisa, na malalamiko yako yafike pia kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi.

Tahadhari ya usalama: ukiona mgongo umeinuka au skrini inaachana na fremu, betri imevimba. Usiichaji tena, usiibonyeze, usiilaze karibu na kitanda. Piga picha, izime, uiweke mbali na vitu vinavyoshika moto.

Hayo maji wayaonyeshe

Ndani ya simu kuna vibandiko vidogo vyeupe vinavyogeuka vyekundu au waridi vikiguswa na maji. Kimoja mara nyingi kiko kwenye tundu la trei ya laini. Toa trei, mulika kwa tochi, piga picha uone rangi yake leo. Kikiwa cheupe, wenye duka wana maelezo ya kutoa. Kikiwa chekundu, bado hawajashinda, kwa sababu kibandiko hakisemi maji yaliingia lini, wala hakithibitishi kwamba maji ndiyo yaliyoharibu. Maji yakiua bodi huacha kutu, ya kijani au nyeupe, kwenye miguu ya vijenzi na chini ya vile vifuniko vya chuma. Waambie wakupe picha ya hiyo kutu, yenye tarehe, na IMEI ya simu yako ionekane.

Kisha tafuta karatasi ya kupokelea simu ya safari ya kwanza. Hapa ndipo penye nguvu yako kubwa kuliko zote. Wao walikaa na simu hiyo karibu wiki, wakaitazama, wakairudisha wakisema ni programu. Kama karatasi ile haitaji maji, basi ugonjwa ulikuwepo kabla ya maji yoyote kuonekana, na ugonjwa ndio uleule uliorudi. Maji yaliyogunduliwa safari ya pili hayawezi kueleza kuzima kwa safari ya kwanza. Kama hukupewa karatasi, tafuta ujumbe wa WhatsApp au SMS mliyoandikiana siku zile. Na kuanzia leo simu isitoke mkononi mwako bila karatasi yenye IMEI, tatizo ulilolieleza, hali ya nje ya simu, rangi ya kibandiko, tarehe na sahihi ya aliyepokea.

Barua

Ukurasa mmoja unatosha. Chapisha nakala mbili: moja waachie, ya pili waigonge muhuri wa kupokea. Wakikataa kugonga, ipige picha ukiwa kaunta, kisha uitume pia kwa WhatsApp ya duka na kwa barua pepe. Iandike hivi:

*"Tarehe (…) nilinunua kwenu simu aina ya (…), IMEI (…), kwa Sh23,500 nilizolipa kwa M-Pesa, namba ya muamala (…). Tarehe (…) niliwarudishia kwa sababu inajizima na kupata moto ikichajiwa. Mliitengeneza tarehe (…) na tatizo likarudi. Simu hii haina ubora wa kuuzika kama inavyotakiwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Naikataa, na nadai mnirudishie Sh23,500. Msipokubali, nadai simu nyingine mpya ya aina hiyo. Na msipokubali hilo pia, matengenezo kamili bila malipo pamoja na fidia. Maandishi ya 'mali ikishauzwa hairudishwi' ni batili chini ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Simu iko tayari kuchukuliwa. Nisipojibiwa ndani ya siku 14 nitawasilisha madai mahakamani bila kuwaarifu tena."*

Hizo siku 14 hazitoki katika sheria. Ni muda wa haki ambao hakimu hataona umewabana. Ambatisha nakala za risiti, kadi ya waranti, ujumbe wa M-Pesa na picha. Risiti nyingi huchapishwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na kwa jua la Mombasa huenda isikae hata miezi michache. Ipige picha leo. Ikishafifia, ujumbe wa M-Pesa bado unathibitisha kiasi, siku na jina la till, kwa hiyo usiufute.

Ukishawaandikia kwamba umeikataa, hulazimiki kisheria kuwapelekea simu hadi mlangoni, kuwaarifu kunatosha. Ila ukiikataa usiendelee kuitumia kama yako, kwa sababu matumizi hayo yatasomwa kama umeikubali. Hamishia biashara yako kwenye simu nyingine, hata ya kuazima. Hifadhi nakala ya mazungumzo ya WhatsApp kwanza, kisha toa laini na kadi ya kumbukumbu. Siku ya kuikabidhi, ondoa akaunti yako ya Google kabla ya kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, la sivyo itajifunga na watasema umewazuia kuipima. Anayeipokea dukani akiomba PIN ya M-Pesa "ya kujaribia", usimpe. Hakuna kipimo cha simu kinachoihitaji.

Wakinyamaza

Unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia wafanyabiashara wanaowapotosha watumiaji kuhusu haki zao, na muhuri ule ni mfano halisi. Lalamika, kwa faida yako na ya wateja wengine. Lakini kwa pesa zako mkononi, njia tunayoiamini ni Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na uuzaji wa bidhaa ni miongoni mwa kesi zake hasa. Mombasa inayo. Hulazimiki kuwa na wakili, kanuni za ushahidi zimelegezwa, na kesi inatakiwa ikamilike ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Hukumu hutolewa ndani ya siku tatu baada ya kusikilizwa. Madai huwasilishwa kwa fomu kupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama. Ukikwama, makarani wa masjala watakuelekeza.

Kinachowaangusha wengi huko ni jina. Jina la kwenye bango la duka mara nyingi si jina la mwenye duka kisheria, na ukishtaki bango utashinda kesi usiyoweza kuitekeleza. Linganisha majina matatu: la bango, la till lililo kwenye ujumbe wa M-Pesa, na lililo kwenye risiti pamoja na PIN ya KRA. Yakitofautiana, omba taarifa za usajili kupitia eCitizen kwa Huduma ya Usajili wa Biashara. Ikiwa ni kampuni, unaishtaki kampuni kwa jina lake kamili. Ikiwa ni jina la biashara tu, unamshtaki mtu aliyelisajili, ukitaja kwamba anafanya biashara kwa jina hilo.

Kuhusu vitenge ulivyokosa kuuza: unaweza kudai, lakini usitegemee sana. Utahitaji kuonyesha oda zenyewe, kwa mfano ujumbe wa wateja waliosubiri wakaghairi, na kwamba muuzaji alijua au angeweza kutarajia hasara ya namna hiyo. Ulimwambia siku ya kununua kwamba ni simu ya kazi? Kama ndiyo, andika. Nauli za kwenda na kurudi na gharama ya simu uliyokodi ni rahisi zaidi kuthibitisha, mradi uweke risiti.

Facebook tunakushauri uache, angalau hadi shauri liishe. Neno moja kama "matapeli" linaweza kukuletea kesi ya kuchafuliwa jina, na wewe uliyekuwa mdai ukawa mdaiwa. Ukishapata hukumu, hukumu ni waraka wa umma.

Na huyo fundi kijana bado ana kazi. Mwambie akusaidie kurekodi ile video ya hali salama na kupiga picha ya kibandiko kwenye trei ya laini, mchana kweupe, simu ikiwa imefungwa kama ilivyotoka dukani.